Kimya cha Varvara

"Tabasamu kidogo tu, Taya! Varvara amemsamehe mumewe!"

"Nani kakwambia? Imeandikwa wapi?"

Gleb na mkewe Taisiya, Taya kwa mkato, anayeigiza Varvara, walikuwa jukwaani wakifanya mazoezi, theluji ikigonga madirisha ya ukumbi wetu wa maigizo hapa mjini Kineshma, Urusi. Mimi, Fominichna, kazi yangu ni kukaa pembeni na kitabu, nimnong'oneze mwigizaji akisahau maneno. Mchezo ni wa zamani, na mwisho wake umewagombanisha watu miaka nenda rudi: mume aliyetoroka anarudi, mkewe Varvara anammiminia chai, hasemi neno. Pazia.

"Kummiminia chai ndiyo kumsamehe," alisema Gleb.

"Hata fundi bomba akija nampa chai."

Watu wa taa walicheka. Gleb hakucheka. Mwaka juzi alimfuata msichana mji wa Yaroslavl, akakaa huko miezi saba. Tangu arudi, Taisiya anampikia, anamfulia, analala chumba kingine. Kuhusu kutoroka kule, neno hamna.

Taisiya akatoa simu.

"Sikiliza, Fominichna, ujumbe wa alfajiri: 'Taya, naomba leo Varvara atabasamu.' Ananiandikia akiwa ng'ambo ya ukuta!"

"Nazungumzia mchezo!"

"Mchezo gani, baba wee? Mwaka wa pili huu unanizungukazunguka."

Karatasi zikamponyoka Gleb, zikatawanyika sakafuni. Kwetu waigizaji, karatasi za mchezo zikianguka huziokoti mpaka uzikalie kwanza, la sivyo onyesho litaharibika. Akazikalia, mtu mzima wa miaka hamsini na miwili, magoti juu. Akanitazama, kana kwamba amesahau maneno. Nikafunga kitabu. Humo hamkuwa na neno lake.

"Taya," akasema taratibu, "Varvara tumwache. Wewe je? Umenisamehe?"

"Bado."

Nikafanya ishara ya msalaba.

"Nilikukosea," akasema Gleb. "Sikuwahi kulisema."

"Hukuwahi. Ulirudi na sanduku, ukauliza supu iko wapi."

Gleb akainamisha kichwa. Taisiya akakusanya gauni lake refu, akaketi juu ya karatasi zile, kando yake, akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

"Nimechoka, Gleb. Leo lete mto wako chumbani kwangu. Msamaha ukija, nitakwambia kwa mdomo wangu."