Mchanga Katika Sikio la Kulia

Haya sikuhadithiwa na mtu. Nilikuwa naishi nyumba hiyohiyo, nalala chumba cha nyuma na mtoto, na aliyepatwa ni mume wa dada yangu.

Ilikuwa Jumamosi ya kawaida hapa Foa, kisiwa chetu kidogo cha bahari za kusini. Mimi na dada yangu Lesieli tulikuwa jiko la nje, tunafunga nyama ya kopo na tui ndani ya majani ya magimbi, chakula cha kesho yake, maana Jumapili hakuna kazi. Mumewe, Ikani, alikuwa barazani anasikiliza kwenye simu masomo ya kuendesha malori makubwa. Kazi ilikuwa inamngoja ng'ambo, mjini Auckland. Kilichobaki ni kuzijua alama za barabara za huko na kupimwa afya: macho, kifua, masikio. Nyumba nzima iliishi kwa tumaini la safari hiyo.

"Ikani, huyo mwalimu wako ana sauti kama tarumbeta!" Lesieli alimpigia kelele. "Mtoto akiamka utambeba wewe."

"Nitambeba mpaka Auckland."

"Mbebe leo basi, nipumzike!"

Tukacheka. Ikani akaingia ndani, akafungua kasha la mikeka, akatoka na hedifoni kubwa nyeusi za marehemu baba yake.

Mzee Maile alikuwa na miaka mitatu kaburini. Katika ugonjwa wake alizivaa hedifoni zile kutwa nzima, akisikiliza kwaya na mechi za raga, mpaka upande wa kulia ukafa. Hakuzivua. Hata alipokata roho alikuwa nazo kichwani, upande mmoja unaimba, mwingine kimya.

Lesieli aliweka majani chini. "Ikani. Hizo zilikaa kichwani kwa baba yako."

Kwetu mtoto hagusi kichwa cha baba yake, awe hai awe maiti. Kofia yake haivai, kitana chake hakishiki. Mtu akifa, vitu vya kichwa chake huchukuliwa na dada yake, na yeye ndiye anayejua pa kuviweka. Hizi zilisahaulika kashani. Au Ikani alizisahau makusudi.

"Kichwa kiko makaburini," alijibu. "Hii ni plastiki."

Akaketi na kisu kidogo na chuma cha kulehemu alichoazima kwa jirani. Mimi nilimaliza kufunga majani nikaenda kumtazama, maana napenda kuona kitu kilichokufa kikifufuliwa. Alibandua mto wa sikio la kulia kwa ncha ya kisu. Chini yake, katika sponji, kulikuwa na nywele nyeupe zimelala bapa. Harufu ya mafuta ya nazi na msandali ikatoka pale, mbichi, kama Mzee Maile amepita sasa hivi kwenda kanisani.

Ikani alizitazama zile nywele kidogo. Kisha akazipuliza. Zikapaa juu ya ukingo wa baraza, upepo ukazichukua.

"Shemeji," nilisema, "ungezikusanya."

"Nizipeleke kwa nani, Sela? Kwa kinyozi?"

Waya ulikuwa umekatika pale unapoingia kwenye kikombe cha sikio, nyuzi zake za shaba zimeota kutu ya kijani. Akaupunguza, akauchuna kwa meno, akasokota nyuzi, akagusisha chuma cha moto. Risasi ya kulehemu ikayeyuka, uzi wa moshi ukapanda. Alipouvuta taratibu kuona kama umeshika, ulikuwa umeshika. Akarudisha mto kwa gundi, akachomeka kwenye simu, akavaa.

Mara akatabasamu. "Inaimba!"

"Pande zote mbili?"

Akainamisha kichwa upande wa kulia.

"Kushoto inaimba. Kulia kuna kama... upepo."

"Waya umegusana vibaya."

Akachomoa pini kwenye simu ili afungue tena. Lakini hakuzivua. Alibaki ameshika ile pini mkononi, haijachomekwa popote, na uso wake ukabadilika.

"Sela. Vaa hizi. Niambie unasikia nini."

Nilizivaa. Upande wa kushoto ulikuwa kimya. Upande wa kulia kulikuwa na mchanga. Sikukosea, mimi ni mtu wa ufukweni, mchanga naujua. Ulikuwa unamiminika kidogokidogo juu ya kitu kitupu. Unakoma. Unamiminika tena. Na kila ulipokoma, mtu alivuta pumzi kwa pua, karibu sana, kama aliyelala ubavu na mkono chini ya shavu.

Nilizitupa sakafuni.

Ikani alizirudisha kashani, akakalia kifuniko. Alikaa pale hadi chakula kilipoiva. Nilipomletea sahani, alinitazama usoni na kuuliza kwa sauti ya chini:

"Ukizivua, wewe inakoma?"

"Ndiyo."

"Kwangu haikomi."

Jumapili kanisani aliimba nje ya sauti, yeye ambaye tangu ujana alikuwa nguzo ya besi. Watu waligeuka. Alikuwa amefunika sikio la kulia kwa kiganja, jasho linamtoka. Jumatatu yalianza maumivu. Alisema ni kama kitu chembamba kinapenya, kinasukuma, kinapumzika, kinasukuma tena. Muuguzi wa zahanati alimmulika kwa kurunzi, akamgeuza huku na huku.

"Sikio safi kabisa. Halina hata nta."

Asubuhi iliyofuata Lesieli aliniita chumbani mwao akanionyesha mto wa kulalia. Kwenye foronya, pale sikio la kulia lilipolala, palikuwa na kichuguu cha mchanga mweupe, mkavu, safi. Mchanga wa makaburini. Huo wa kwetu nyumbani ni wa kijivu.

Baada ya hapo Ikani hakula. Shingo ililalia upande wa kulia ikakataa kunyooka. Tukimsemesha upande huo hasikii kitu; risasi ingelipuka hapo asingegeuka. Lakini alikuwa anajibu. Ameketi peke yake barazani, jua linawaka, anaitika kwa heshima, kama mtoto aliyetumwa.

"Ndiyo, baba."

Kimya.

"Sijui zilikoangukia, baba."

Lesieli alinishika mkono. "Shangazi yake aitwe," alinong'ona. "Leo hii."

Shangazi Akesa, dada mkubwa wa Mzee Maile, alivuka kwa mashua kutoka kisiwa cha pili, amevaa nguo nyeusi na mkeka mchakavu wa msiba kiunoni, kana kwamba tayari kuna maiti ndani. Katika ukoo ule, akisema yeye, hata mchungaji hunyamaza. Hakumsalimia mtu. Alikaa mbele ya Ikani, akamshika kidevu, akalinusa sikio lake.

"Umegusa nini cha kaka yangu?"

Ikani alifunga macho. Machozi yakamtoka. Lesieli ndiye aliyekwenda kashani, akazileta hedifoni amezifungia ndani ya kanga ya mtoto. Shangazi alizitazama bila kuzigusa.

"Mto wa hapa ulifunguliwa."

"Ndiyo, shangazi," Ikani alisema. "Nilizitengeneza."

"Ulizitengeneza!" Alicheka kwa ukali, pasipo furaha. "Fundi mkubwa! Baba yako alikufa upande huu umekufa. Alikwenda anapumzika. Wewe ukamfungulia. Nywele ziko wapi?"

"Nilizipuliza."

Shangazi aligeuza uso kuelekea uani. Nje kuku walikuwa wanaparua. Kisha akainuka.

"Mtu anaumwa sikio namna hii wakati mifupa ya mzazi wake inaumia. Kaburi lifunguliwe. Kinachomchoma huko tutakitoa. Hizo nywele, sijui."

Wanaume walichimba kesho yake asubuhi, jua limekwishapanda. Mchungaji aliomba kwa sauti ya chini. Ikani tulimkalisha kwenye mkeka kando ya shimo, mimi nimemshika bega moja, Lesieli bega la pili. Wanaume waliondoa mawe meusi, wakaondoa mchanga, wakafikia mbao. Jeneza lilikuwa limeoza. Wakatoka shimoni, wakageuza nyuso, kwa sababu aliyepaswa kumgusa ni Shangazi peke yake. Akashuka na chupa ya mafuta na kisu.

Sikupaswa kutazama. Nilitazama.

Mzee Maile alizikwa chali, mikono kifuani. Nilikuwepo, nilimwona anavyolazwa. Sasa alikuwa amelala ubavu. Mifupa ya mkono ilikuwa chini ya shavu. Na kutoka kwenye ukuta wa shimo mzizi wa mti wa mvinje, mwembamba kama waya, ulikuwa umeingia katika tundu la sikio lake la kulia. Mvinje wenyewe uko mbali, mwisho kabisa wa makaburi. Mzizi ulipita makaburi ya watu wengine wote bila kuyagusa.

"Mshikeni," Shangazi alisema kutoka chini.

Akakata.

Ikani alipiga ukelele ambao mpaka leo mbwa wa jirani wakibweka ghafla naukumbuka. Mwili ulikakamaa, ukalegea mikononi mwetu. Halafu shingo yake ikanyooka polepole. Akaweka kidole sikioni. Akakitoa. Akatazama huku na huku kama mtu aliyeamshwa nyumba ya kigeni.

"Nasikia bahari," alisema.

Lesieli alianguka kifuani pake akalia kwa sauti. Shangazi aliosha mifupa kwa mafuta, akaiviringisha katika kitambaa cha gome la mti, akamlaza chali kama mwanzo. Zile hedifoni akaziweka kifuani pake, waya umekatwa vipandevipande. Kaburi likafukiwa. Wanawake tukamwaga juu mchanga mweupe mpya, tukaupanga kwa reki hadi ukawa laini kama shuka iliyopigwa pasi, tukatoka kwa kurudi nyuma, tukifuta nyayo zetu wenyewe.

Ikani alipona. Hilo nalisema mapema ili mtu asihangaike naye. Alipimwa masikio akafaulu, akasafiri, na mpaka leo anaendesha lori Auckland na kutuma picha amevaa makoti. Akipiga simu anasikia hata ninapomnong'oneza Lesieli pembeni kwamba amenenepa. Siku ile ya kaburi alikula magimbi mawili, akacheza na mtoto, akalala mchana mzima, na usingizini hakumjibu mtu yeyote.

Ninachotaka kusema ni cha kesho yake.

Shangazi alikuwa anarudi kwao. Kabla ya mashua alitaka kuaga kaburi, tukaenda naye, mimi na Lesieli. Ikani tulimwacha nyumbani anamwogesha mtoto, anaimba besi yake. Tulimsikia hadi njiani. Asubuhi ilikuwa shwari. Hakuna upepo, hakuna ng'ombe, hakuna mtu. Mchanga tuliouacha ulikuwa vilevile. Mistari ya reki ilikuwa imenyooka. Hapakuwa na unyayo wala mkwaruzo wa kaa.

Isipokuwa katikati.

Shangazi aliona kwanza, akasimama. Mimi nikadhani ni kombe la chaza limesahauliwa. Nikapiga magoti, Shangazi naye kando yangu, viganja mchangani.

Lilikuwa sikio.

Alama ya sikio la mtu mzima, upande wa kushoto. Mikunjo yote ipo. Ndewe ipo. Hata ule mstari wa uzee unaokata ndewe upo, umechorwa kwa chembe za mchanga. Nikafikiri mtu amelala hapa, ameweka kichwa chake kaburini, anasikiliza walio chini. Lakini angefikaje pasipo nyayo? Nikainama zaidi, jua likiwa upande wangu, nikaona kivuli chake kimeangukia upande usio wake.

Alama ile haikuzama.

Ilikuwa imeinuka. Ilisukumwa kutoka chini.

Nyuma yangu Lesieli aliuliza kuna nini, akasogea, akaona. Akavuta pumzi. Nilijua anachotaka kufanya, kila mke angefanya hivyo: alitaka kumwita mumewe. Midomo yake ilikwishafunguka kwa herufi ya kwanza ya jina.

Shangazi Akesa alimrukia, akamziba mdomo kwa kiganja kilichojaa mchanga, jina lisifike kwenye lile sikio.