Kitalu cha Tisa Hakiko Wazi

"Viweke chini. Havioti hivyo."

Verlene Gaskins hakugeuka. Soko la Mtaa wa Tisa, kusini mwa Filadelfia, Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, ni mahali pa kusukumana. Wauza samaki wanapiga kelele, harufu ya jibini inakufuata mpaka kwenye kona, kila mtu ana kikapu na kila kikapu kina kiwiko. Alikuwa ameshika wavu wa mwisho wa vitunguu saumu na hakuwa tayari kuuachia.

"Nani kakuuliza?"

"Hakuna. Ila vimetiwa dawa visichipue. Utavipanda, utavifunika, utaviimbia, na masika utakuta matope matupu."

"Umejuaje nataka kupanda? Pengine nataka kupika."

"Dada, kilo nne? Unapikia jeshi gani?"

Hapo akageuka. Alikuwa amevaa koti la jinzi na kilemba cha rangi ya haradali, na buti za mpira zilizomfika magotini, kwa sababu alitoka bustanini moja kwa moja. Mbele yake alisimama mwanamume wa mabega mapana, mvi kidogo masikioni, shati la kazi la buluu limepigwa pasi kweli kweli. Alikuwa akitabasamu kama mtu aliyeshinda ubishi. Verlene, msusi wa miaka thelathini na tisa asiyependa kushindwa na mtu, alimkata jicho.

"Haya, mjuaji. Vya kupanda viko wapi?"

"Kwangu."

"Ehee! Nilijua tu. Maneno yote hayo, kumbe njia ya kunipeleka kwako!"

Mwanamume akaiva kwa aibu mpaka masikioni. "Kwa mama! Vitunguu ni vya mama yangu, naye hatoki ndani, na anasikia kila kitu."

Verlene akacheka hadi muuza samaki akageuka. Jina lake, yule bwana, lilikuwa Nunzio Carbonetti, fundi wa mitambo ya kupasha nyumba joto. Kabla hawajafika mwisho wa mtaa alikuwa ameshamweleza habari ya mti wa tini wa babu yake, ambao tangu nyumba ya baba iuzwe ulikuwa unaishi ndani ya pipa kwenye roshani, umejikunja, hauna raha.

"Unautafutia ardhi," Verlene alisema.

"Ninautafutia ardhi."

"Na mimi ndiye mwenyekiti wa bustani ya mtaa wetu. Mungu wangu, mitego yenu wanaume!"

Bustani yenyewe iko kaskazini mwa jiji, vitalu ishirini na viwili mahali palipokuwa na nyumba tatu zilizoungua. Bibi yake Verlene ndiye aliyeondoa matofali pale kwa mikono yake, miaka ile jiji lilipokuwa limewasahau. Kitalu cha tisa kilikuwa kimekataliwa na watu wote kwenye foleni ya kuomba vitalu kwa sababu ya vifusi. Nunzio alikichukua. Jioni nne mfululizo alichekecha mawe, kisha akashusha mtini wake kwenye pikapu na kuupanda ukiwa mrefu kumzidi.

Basi mapenzi hayo, jamani! Watu wazima hawakujificha. Asubuhi Nunzio anapiga simu kabla ya kazi.

"Umeamka, roho yangu?"

"Nina kichwa cha mteja mkononi, Nunzio. Sema haraka."

"Nimekukumbuka."

"Hilo ulilisema jana."

"Jana nilikuwa nafanya mazoezi."

Jioni wanataniana hukohuko vitaluni, Verlene akimcheka Nunzio kwa kupiga pasi shati la kuchimbia, Nunzio akimcheka yeye kwa kusalimia sukuma wiki zake moja moja. Baridi ya kwanza ilipozipiga sukuma zikawa tamu, Verlene akazichemsha na shingo ya bata mzinga iliyokaushwa kwa moshi. Nunzio akala sahani tatu, akafuta mchuzi kwa mkate. Bwana harusi huyo, wazee wa bustani walinong'ona, na hawakunong'ona kwa sauti ndogo.

Kisha barua ikabandikwa kwenye uzio. Ardhi imenunuliwa mnadani. Mkaguzi wa jiji atafika Jumatano, tarehe kumi na tisa Novemba, kuangalia kama bado inatumika. Ikionekana imetelekezwa, mnunuzi anakabidhiwa.

Novemba! Mimi nauliza, bustani gani haionekani imetelekezwa mwezi wa Novemba? Mibilingani imekauka, nyanya zimeng'olewa, majani yamefunika kila kitu. Aliyepanga siku hiyo alijua anachofanya.

Verlene hakulia. Alikaa akaandika karatasi yake ya habari za vuli, ile anayoibandika langoni kila mwaka, safari hii kwa kalamu nyekundu. Jumamosi hii, kufunga mabomba kabla maji hayajaganda. Jumapili, leteni maboga ya sikukuu mliyoyachonga sura, tuyaponde yaingie kwenye mboji. Majani ya barabarani yaokotwe yote. Na kila mwenye kitalu apande vitunguu saumu, bila kisingizio. Chini kabisa akaandika: HATUONDOKI.

Siku chache baadaye, akiwa saluni, mteja mmoja anayefanya kazi kwa mawakili akamtajia jina la mnunuzi. Verlene akaweka kitana chini, akatoka nje na simu.

"Nunzio, Rocco Carbonetti ni nani wako?"

Akasikia spana ikiwekwa chini.

"Nakuuliza."

"Binamu yangu. Mtoto wa baba mkubwa."

"Ulijua kwamba ndiye aliyenunua?"

"Nilijua. Wiki mbili sasa. Verlene, nisikilize, nilitaka kuongea naye kwanza, kifamilia, nimlegeze, halafu nikuletee habari njema..."

"Wiki mbili unakula chakula changu! Wiki mbili unaniita roho yangu!"

"Niliogopa utaniangalia kama mmoja wa hao wanunuzi."

"Sasa nakuangalia hivyohivyo. Usinipigie."

Akakata, akamfungia namba. Hasira hasara, tunasema, lakini nani huikumbuka methali damu ikishapanda?

Jumatatu asubuhi alikwenda bustanini. Alifika kitalu cha tisa. Mtini haupo. Palikuwa na rundo la majani tu, kama marundo mengine yote, na udongo uliovurugwa.

"Kaung'oa," alisema kwa sauti, ingawa hapakuwa na mtu. "Kaokoa mali yake kabla tingatinga halijafika. Hata mti wake hakutuachia."

Hapo ndipo ilipomuuma hasa. Uongo wa wiki mbili angeweza kuusamehe siku moja. Lakini mtu anayejua nyumba itaungua, akatoa kabati lake kimyakimya na kuwaacha wenzake wamelala, huyo hasameheki. Aliichukua kalamu nyekundu, akaongeza langoni mbele ya macho ya mtaa mzima: *Kitalu cha tisa kiko wazi. Aliyekuwa nacho amehama na mali yake.* Kisha akampa Doña Luz, bibi wa Kipuertoriko mwenye kitalu cha kumi, apande hapo vitunguu vyake vilivyozidi.

Jumanne mchana Doña Luz alimpigia simu akihema.

"Mwanangu, njoo. Kuna kaburi hapa."

"Kaburi la nani?"

"Sijui la nani! Nimechimba, nimegonga mbao. Chini ya mbao kuna blanketi. Mimi siendelei, nina ugonjwa wa moyo."

Verlene alifika na wekundu wa rangi ya nywele bado vidoleni. Aliinua ubao mmoja kwa uma wa kulimia, akafunua pembe ya blanketi. Akaona matawi. Yamefungwa kwa kamba laini, yamebanwa pamoja, yamelazwa taratibu kwenye handaki refu, na chini yake majani makavu yametandikwa. Mtini mzima, umelala chali.

"Luz," alisema polepole, "nani anazika mti mzima mzima?"

"Si yule wako?"

Akaifungulia ile namba. Nunzio alipokea kabla haujalia mlio wa pili.

"Verlene?"

"Mtini wako uko ardhini. Kwa nini uko ardhini?"

"Umeufukua?" Sauti yake ilipanda. "Umeufukua na baridi hii?"

"Kidogo tu."

"Rudisha ubao! Rudisha udongo, juu yake majani, haraka, ndipo uendelee kunichukia!"

Verlene alirudisha kwa mikono, simu imebanwa begani, Doña Luz akisaidia kwa mguu. "Nimerudisha. Sasa sema."

"Babu alikuwa anafanya hivyo kila Novemba. Unakata mizizi ya upande mmoja, unauinamisha, unauzika. Mtini hauyawezi majira ya baridi ya hapa ukiwa umesimama. Masika unaufukua, unauinua, nao unaamka. Niliuzika Jumapili, siku moja baada ya wewe kunikatia simu. Nilikuwa peke yangu. Mgongo bado unauma."

"Uliuzika hapa. Huku unajua Rocco ataleta tingatinga."

"Ningeuzika wapi? Mti ukishauzika huwezi kuuhamisha mpaka masika. Nilikuwa na pipa, Verlene. Pipa bado liko kwenye roshani. Ningeweza."

Verlene akakaa chini hapohapo kwenye majani yaliyolowa, na sketi yake ya sufi. Ndipo akaelewa. Mtu huyu alikuwa ameweka kitu pekee alichoachiwa na babu yake chini ya ardhi ileile inayogombaniwa, kwa imani kwamba masika watakuwa bado wapo. Na yeye alikuwa amemwandika langoni kama mwizi.

"Nunzio."

"Naam."

"Nimekuaibisha mbele za watu."

"Nimepita asubuhi, nimesoma. Umekosea hata herufi za jina langu kwenye orodha ya wenye vitalu pale juu."

"Njoo."

"Uliniambia nisi..."

"Njoo, mwanamume wewe, kabla sijabadili mawazo! Na uje na vitunguu vyote vya mama yako."

Alikuja na magunia mawili, na mama mwenyewe, yule asiyetoka ndani, kiti cha mbele, amevaa koti jeusi na lulu, tayari kusikia kila kitu. Verlene alimshika Nunzio usoni kwa mikono yenye udongo, mbele ya mama, mbele ya Doña Luz, akambusu.

"Ukinificha jambo tena," alimwambia, "nitakuzika wewe, na masika sikufukui."

"Nimekubali."

"Na mimi nimekosa. Nalisema hilo mbele za watu." Akaifuta ile sentensi langoni, akaandika mpya: *Kitalu cha tisa hakiko wazi. Mwenyekiti alikosea. Mwenye nacho yupo, na mti wake upo.*

Walipanda mpaka giza likaingia. Vitalu vikajaa, wakapanda kwenye njia. Njia zikajaa, wakapanda kando ya uzio, punje moja moja, ncha juu, majani juu yake.

Jumatano upepo ulikuwa unakata masikio. Mkaguzi, Bi Ostrowski, mama mfupi mwenye viatu visivyofaa matope, alizunguka akiandika. Rocco Carbonetti alimfuata katika koti la ngamia, mikono mfukoni.

"Unaona mwenyewe," alisema Rocco. "Majani na mbao. Pamekufa hapa."

"Kuna mtini chini ya miguu yako," Nunzio alimwambia. "Wa babu. Babu yako pia."

Rocco alikodoa macho. "Bado mnafanya ujinga ule? Haya, ufukue basi. Mama mkaguzi auone, tumalizane."

Watu wote wakamtazama Nunzio. Aliangalia uso wa Verlene, akaangalia vitalu vile ishirini na viwili, akachukua koleo. Alijua akiuinua katika baridi ile, na mizizi imekatwa, hauamki tena. Akaiweka ncha ya koleo ardhini.

Verlene akaruka akasimama juu ya rundo, buti zote mbili.

"Ng'o! Haufukuliwi!"

"Verlene, ni bustani nzima."

"Nimesema ng'o. Bibi yangu hakumwonyesha mtu makovu ya mikono yake ili apewe haki, na sisi hatuui kitu chetu ili waamini tuko hai." Akamgeukia mkaguzi. "Mama, inama. Tafadhali. Ondoa majani hayo mbele yako, popote unapopenda."

Bi Ostrowski aliinama, goti likalia. Akasogeza majani. Punje nono, ncha juu, imekaa imara kwenye udongo. Akasogeza hatua mbili mbele. Nyingine. Akaenda kwenye njia. Nyingine. Akaenda mpaka uzioni, akarudi, magoti yamejaa matope, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akacheka.

"Mmepanda hata njia."

"Tumepanda hata njia."

"Vinavunwa lini?"

"Julai," walijibu watu kumi kwa pamoja.

Mkaguzi akaandika kwa muda mrefu. "Bwana Carbonetti, zao lililoko ardhini ni la aliyepanda mpaka alivune. Hukabidhiwi kitu kabla ya Julai. Nitarudi tarehe moja, kukagua upya."

Kelele zilizopigwa zilifika barabara ya pili. Rocco hakupiga kelele. Alifunga vifungo vya koti lake kimoja kimoja.

"Sawa. Julai. Mnajiongezea miezi tu. Tarehe moja nitakuwa langoni na mashine."

"Mwezi wa tano tutapanda maharage katikati ya vitunguu," Verlene akamjibu. "Maharage yakikaribia kuvunwa tutapanda sukuma. Sukuma zikikaribia, vitunguu tena. Hutaikuta ardhi hii tupu hata siku moja, ukiishi miaka mia."

"Mtachoka."

Verlene alifyonya. Kisha akateremka kwenye rundo, akamshika Nunzio mkono uliokuwa bado na koleo.

"Nunzio, wewe una mpango wa kunioa au huna?"

Mama mwenye lulu akasogea hatua mbili asikose neno. Nunzio aliiva masikioni kama siku ile ya soko.

"Ninao. Nilikuwa natafuta siku."

"Mimi nimeshaipata. Tarehe moja Julai, saa nne asubuhi, hapahapa langoni, na watu wote wa mtaa huu wamejaa njiani. Unakubali?"

"Nakubali."

"Rocco," Verlene alisema bila kumwachia Nunzio mkono, "umesikia. Wewe ni ndugu wa bwana harusi, umealikwa. Mashine yako iache nyumbani, haina kiti."