Mtetemo wa Mlango wa Dereva

Dada yake Kimya alirudisha gari gereji asubuhi, siku moja tu baada ya kufungiwa spika mpya, akalalamika kwamba mlango wa dereva unatetema hata redio ikiwa imezimwa. Kimya akacheka. Labda ni magoti yako, alimwambia, mlango hautetemi bila muziki. Fundi huyu wa redio za magari hakuitwa Kimya kwa upole, maana mdomo wake haukuwa na breki. Waliomwita hivyo ni wateja, kwa sababu spika alizofunga yeye zilipiga besi mpaka kifua kikaitika, na bado mlango wenyewe ulitulia tuli.

Kwa dada yake alikuwa amejitahidi kuliko kwa mteja yeyote. Mama yao alifariki Kimya akiwa hajaota jino, na huyo dada, msichana wa miaka kumi na mitatu, ndiye aliyembeba mgongoni, akamlisha na kumsomesha. Sasa alikuwa muuguzi, na gari hilo la mtumba lilikuwa lake la kwanza. Kimya akamchagulia spika bora kabisa dukani mwake, na katika kuzifunga akafanya kosa ambalo fundi wa redio peke yake ndiye angeweza kulifanya. Nyuma ya spika ya zamani alikuta kifurushi cha kitambaa cheusi, kimezungushwa uzi mara saba, kimeshindiliwa ndani kabisa ya mlango. Mafundi wavivu hushindilia matambara mlangoni ili kuficha kelele. Kimya alishatoa soksi, magazeti, hata kipande cha godoro. Basi akasonya, akamtukana fundi asiyemjua, akakitupa kwenye pipa la taka zinazochomwa kila jioni.

Asubuhi hiyo ya malalamiko akaufungua mlango upya. Akakaza skrubu, akabadilisha klipu zote za paneli, akavisha nyaya sponji. Siku mbili baadaye dada akarudi: trrr, trrr, palepale kwenye goti. Kimya akabandika karatasi nzito za lami kwenye bati lote, akaziba kila tundu mpaka mlango ukawa mzito usiofungika kwa mkono mmoja. Dada akarudi tena. Safari hii trrr ilikuwa kubwa zaidi, na wateja waliokuwa wakisubiri wakatazamana na kutabasamu. Kimya alitupa bisibisi ukutani, akauambia mlango ule maneno ambayo hayasemwi mbele ya watu wazima wala watoto. Miaka kumi na tisa ya jina zuri ilikuwa inamalizwa na kipande cha bati, na alikasirika kiasi cha kukosa hamu ya kula.

Mchana huo akachomoa betri. Trrr. Akaing'oa spika yenyewe, akaiweka juu ya meza ya kazi, haina waya hata mmoja, akainama kuikagua. Karatasi ya spika ikapanda na kushuka taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala, na pua ya Kimya ikapata harufu ya nywele zilizoungua. Aliirudisha mahali pake haraka, akajiambia ni uchovu, akamrudishia dada funguo na kumwambia gari limepona.

Wiki nzima dada hakurudi, na hakupokea simu. Kimya akaenda nyumbani kwake na kumkuta amekaa ndani ya gari uani, jua la utosini, vioo vyote vimepandishwa, sikio kaligandamiza mlangoni. Amekonda, nguo yake ya kazi imekauka jasho juu ya jasho. Akamfungulia mlango wa upande wa pili.

"Dada, toka. Utaiva humo."

"Punguza sauti," dada akanong'ona. "Mama anaongea."

"Mimi nasikia bati tu."

"Wewe ungeijuaje sauti yake? Hukuwahi kuisikia ukiwa na akili." Alisema bila ukali, na ndiyo maana ilimchoma Kimya hadi moyoni. "Anasema nisogee. Bado kidogo tu."

Alimbembeleza, akamgombeza, akajaribu kumvuta mkono, akaambulia kung'atwa. Kazini walikuwa wameshampigia dada mara tatu. Maji alikuwa hanywi. Kimya akatambua kwamba akiendelea kubishana, atamzika mtu aliyemlea.

Mganga aliyemleta alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba, na alifika amenuna kwa sababu alielekezwa njia mbovu. Hakuuliza habari za ndoto wala maadui. Aliuliza ni kitu gani kilitolewa mlangoni.

"Tambara," alisema Kimya.

"Lilikuwa na uzi?"

"Mizunguko saba."

Mganga akavua miwani. "Mtu alimfunga pepo humo. Wewe umemfungua, halafu ukamzibia matundu yote kwa lami yako. Sasa anatafuta pa kutokea, na ameazima sauti anayoililia dada yako. Bandua kila kitu. Nikianza kusoma, asiwepo mtu karibu na huo mlango."

Wawili hao wakamtoa dada garini, wakamfungia chumbani. Kimya akang'oa paneli, akachomoa nyaya za spika, akaanza kuikwangua lami, na kadiri matundu yalivyozidi kuwa wazi ndivyo bati lilivyozidi kutetema, kwanza chini ya vidole vyake, kisha mpaka kwenye viwiko, kisha mpaka kwenye meno, na harufu ya nywele zilizoungua ikajaa ua mzima, na mganga akaanza kusoma, akamwashiria arudi nyuma, naye akarudi huku spika ile isiyo na waya ikihema mbele ya macho yake, mbio, mbio, na hapo ndipo alipousikia mlango wa chumba ukipasuka na kumwona dada yake akipita mbele yao, mikono mbele, akapiga magoti na kulibandika sikio lake kwenye tundu kubwa kuliko yote.

Mlango ukanyamaza.

Mganga alisoma mpaka mwisho, akaligonga bati kwa kidole, akagonga tena. Halikuitika. Alisema kwamba mlangoni hamna kitu, akakusanya vyake na kuondoka bila kumwangalia dada usoni. Kimya alishukuru huku akilia, akamnyanyua dada yake, akamketisha ukumbini na kumpa maji. Dada akanywa yote. Kisha akamtazama kwa muda mrefu, kwa upendo mwingi, akamshika shavu.

"Mwanangu," alisema, "umekua."

Haikuwa sauti ya dada. Na chini ya yale maneno, ndani kabisa, trrr.

Fundi akisaka mtetemo hukandamiza kiganja kwenye bati, kipande kwa kipande. Unapokoma, hapo ndipo ulipo. Kimya hakutaka kujua, lakini mkono wake ulikuwa umeshazoea. Akauweka juu ya mgongo wa dada yake, katikati ya mabega, pale alipokuwa akilala yeye enzi za uchanga wake, na akakandamiza.

Ukakoma.