Skrini Tatu za Nyumba ya Baba

Taa zote za duka zilizimika kwa mpigo mmoja, mapazia yakaanza kujifunga yenyewe, na sauti ya mwanamke asiyeonekana ikawatakia wateja usiku mwema. Ilikuwa asubuhi, tena Jumamosi, na duka la vifaa vya umeme lilikuwa limejaa watu wanaopishana kwa mabega. Mtoto mmoja akaangua kilio. Mtu akauliza nani kagusa nini.

Muuguzi aliondoa bega lake ukutani polepole. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, sare yake nyeupe ikichungulia chini ya sweta la kijivu, na alikuwa ameegemea hapo kidogo tu ili mgongo upumue.

"Ni mimi," alisema. "Nilidhani ni ukuta."

"Ni ukuta," sauti ya kiume ilimjibu karibu kabisa. "Ila huu unajituma kupita kiasi. Sogea kidogo, dada yangu."

Mkono ulipita mbele ya uso wake, ukagusa kioo chembamba kilichobandikwa ukutani, na taa zikarudi. Mbele yake alisimama mwanamume mrefu mwenye ovaroli ya bluu, penseli nyuma ya sikio, na macho ya mtu anayejizuia kucheka.

"Umelaza duka zima," alisema.

"Afadhali wao wamepata kulala."

Hapo fundi alicheka kweli. Muuguzi hakucheka, lakini alihisi kitu kikilegea shingoni mwake, na ilikuwa muda mrefu tangu kitu chochote kilegee hapo.

Alimweleza shida yake wakiwa wamebanwa kati ya watu na makatoni ya balbu. Kaka yake, anayeishi ng'ambo, ameamua nyumba ya baba yao iwekewe skrini za ukutani, zile za kugusa, moja kila chumba, saba kwa jumla. Taa, mlango, mapazia, feni, vyote viendeshwe hapo. Gharama juu yake. Baba alipata kiharusi, upande wa kulia hauna nguvu, na kaka huko aliko hapati usingizi kwa wasiwasi.

"Na wewe unataka ngapi?" fundi aliuliza.

Alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa lugha ngeni. Tangu baba aanguke, kaka alikuwa akiamua, daktari akiamua, matroni akipanga zamu. Yeye alikuwa akiambiwa tu, akafanya.

"Mimi nataka kukaa chini," alisema.

Fundi alimvutia katoni moja lililojaa nyaya. Akakaa.

Katikati ya wiki fundi alifika nyumbani na tepu yake ya kupimia. Mzee, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu karibu na dirisha la sebule, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Zamani angemshika mgeni kwa maneno mpaka chai ipoe. Sasa ulimi ulikuwa umefungwa. Aliitikia shikamoo ya fundi kwa kuinua kidevu, kisha akageukia dirisha.

Fundi na muuguzi walipita chumba kwa chumba.

"Sebuleni?"

"Swichi ipo pale mlangoni. Inafanya kazi tangu nizaliwe."

"Kwenye korido?"

"Nani anaishi kwenye korido?"

"Chumbani kwako je?"

"Nikiingia chumbani kwangu sitaki kitu kinachowaka wala kinachonitazama."

Fundi alikuna kichwa. "Sista, tukienda hivi nitauza hewa."

"Umeniita nani?"

"Si ndivyo mnavyoitwa hospitali?"

"Hospitali, ndiyo. Hapa ni nyumbani."

"Basi hapa nikuite nani?"

Muuguzi aliufunga mlango wa chumba chake. Hakukumbuka mara ya mwisho alipoitwa kitu kingine.

Fundi alimweleza ukweli wake: kila skrini ni waya mwingine ndani ya ukuta, kioo kingine cha kufuta vumbi, kitu kingine cha kuharibika. Saba ni za kuwaringishia wageni. Lakini kukaa bila hata moja kungemwacha mzee gizani kila jua linapozama, akisubiri mtu aje kumwashia taa. Mjadala haukuisha siku ile. Ulihamia kwenye simu, na simu zikawa za kila siku, saa za mapumziko yake, akiwa amekaa kwenye ngazi za nyuma ya wodi na viatu vya mpira pembeni.

"Tano," fundi alisema simu ilipopokelewa.

"Hata salamu?"

"Habari za mchana. Tano."

"Mbili."

"Mbili hazitoshi, mpenzi."

Kitoroli cha dawa kilipita nyuma ya mlango kikilia magurudumu.

"Umesemaje?"

"Nimesema mbili hazitoshi."

"Ulimalizia na neno."

"Nimelisema, silirudishi. Ukitaka lifute wewe."

Hakulifuta. Wakakubaliana tatu. Moja karibu na mlango wa mbele, ya kuzima kila kitu mtu anapotoka. Moja jikoni, imwonyeshe aliyebisha hodi hata mikono ikiwa na sabuni. Na moja chumbani kwa mzee, chini, usawa wa mkono wa kushoto wa mtu aliyekaa. Kaka alinung'unika kwamba amelipia saba, mwishowe akaridhika.

Kazi ya skrini tatu haihitaji muda mrefu, lakini fundi huyu aliifanya ikahitaji. Alitengeneza bawaba ya kabati. Alikaza bomba lililokuwa likidondosha maji. Muuguzi akirudi kutoka kazini alimkuta mara nyingine mezani na mzee, wote wawili kimya mbele ya vikombe, kama watu waliojuana miaka. Jioni moja alimkuta fundi anaosha vyombo, mikono ya ovaroli imekunjwa mpaka viwikoni. Alisimama mlangoni akimtazama mgongo. Alitaka kusema kitu kizuri, lakini kilichotoka ni, "Hiyo sufuria haijatakata."

"Nimeiacha makusudi," fundi alisema. "Ili nirudi kesho."

Kisha kaka akapiga simu.

"Nasikia fundi amehamia mezani kwetu," alisema kwa mzaha. "Na wewe unasinzia kwenye kiti cha jikoni na viatu miguuni. Utaugua, dada."

"Nani kakwambia?"

Kaka alisita. "Si nakisia tu," alisema, akaanza kuulizia dawa za baba, haraka mno.

Muuguzi alitoka uani, akampigia fundi.

"Zile skrini zina kamera?"

"Ya chumbani kwa mzee inayo, ya kupigia simu. Nilikuonyesha."

"Ya jikoni?"

"Haina, inaonyesha picha ya kamera ya mlangoni tu. Kuna nini, mpenzi?"

"Kaka anajua nasinzia jikoni na viatu. Anajua unakula hapa. Amejuaje?"

Fundi alianza sentensi, akaiacha, na muuguzi akajua lipo jambo.

"Unajua," alisema.

"Najua jambo ambalo si langu kusema. Nilitoa ahadi."

"Kwa kaka yangu?"

"Hapana."

"Kwa nani basi? Nyumba hii ina mimi na baba, na baba hasemi."

"Nipe siku chache. Nakuomba."

"Kazini nachungwa na matroni," alisema, na sauti yake haikupanda hata kidogo, ilikuwa imechoka tu. "Sikujua na nyumbani nimejiwekea mchungaji kwa mikono yangu. Usije tena."

Alikuja hata hivyo, kesho yake. Kengele ililia, na skrini ya jikoni ikamwonyesha amesimama nje bila ovaroli, kavaa shati la mikono mirefu lililopigwa pasi, mvua ikimlowesha mabega. Muuguzi alibonyeza kitufe cha kuongea.

"Nenda nyumbani, fundi."

"Niruhusu nizungumze na mzee. Dakika chache tu."

"Mzee hana la kukujibu."

Akazima. Baadaye alichukua kitambaa cha meza, akaifunika skrini ya chumbani kwa baba. Mzee alimtazama akifanya hivyo, akatikisa kichwa taratibu, macho yamejaa maji. Muuguzi akadhani anamhurumia.

Siku zilizofuata zilifanana kama mashuka ya wodi. Alitoa dawa, alifunga vidonda, alirudi, akamwogesha baba, akampikia, akalala. Simu haikulia saa za mapumziko, na ngazi za nyuma ya wodi zilikuwa za saruji tu. Kila akirudi alikuta kitambaa kimeanguka sakafuni. Kila mara alikirudisha.

Siku moja matroni alimshika paji la uso, akamwambia ana homa, aende nyumbani. Alifika mchana jua likiwa kali. Mama wa jirani, aliyekuwa akishinda na mzee saa za kazi, alikuwa uani akianika nguo. Ndani kulikuwa na sauti. Sauti ya mwanamume, nzito, inayokwama na kujikwamua.

"Mwa... na... ngu."

"Vizuri, baba. Tena, usikimbie." Hiyo ilikuwa ya kaka yake.

"Mwa-nangu. Ne... nenda... ka..."

"Kalale."

"Usi... niambie. Na... jua."

Muuguzi alishika fremu ya mlango. Miezi yote hiyo alikuwa akimsomea baba magazeti, akimuuliza maswali na kujijibu mwenyewe, akiamini kwamba sauti ile imekwenda na hairudi. Sasa aliisikia ikimgombeza kaka yake kama ilivyowagombeza wote wawili utotoni. Alisukuma mlango. Mzee aligeuka, na aibu iliyomjaa usoni ilikuwa ya mtoto aliyekamatwa.

"Dada," kaka alisema kwenye skrini. Alikuwa amevaa koti zito, amenyoa vibaya. "Dada, tulia kwanza."

"Tangu lini?"

"Tangu fundi alipokuwa anajaribu kunipigia, siku ya kuiweka. Baba aliniona akaita jina langu. Neno moja. Fundi nusura aanguke. Baba akamshika mkono, akaweka kidole mdomoni, hakumwachia mpaka alipoahidi. Anataka kwanza aweze sentensi nzima. Unamwogesha, unamlisha, unamfunga vifungo. Hakutaka umwone pia anajifunza kusema kama mtoto. Habari za jikoni ni yeye aliyenipa, kidogo kidogo, kwa sababu ana wasiwasi na wewe. Nilipaswa kukuambia siku ile uliponiuliza. Nilimwogopa."

Muuguzi alikaa kitandani. Hakuwa na nguvu ya kupiga kelele.

"Mmejua wote," alisema. "Nyote watatu. Mimi ndiye ninayelala naye nyumba moja, na mimi ndiye niliyefichwa. Ningefurahi hata kwa hilo neno moja, baba. Hata nusu yake."

Mzee alijisogeza kwa mkono wake mzima mpaka magoti yao yakagusana. Alijaribu kusema, akakwama, akajaribu tena, na safari hii muuguzi hakumsaidia.

"Nisa... mehe," alisema.

Homa ilipopoa alikwenda kumtafuta fundi. Alimpata kwenye jumba jipya lenye harufu ya rangi, juu ya ngazi, nyaya zikining'inia kila upande. Mwenye jumba alitaka skrini kumi na moja, mbili zikiwa bafuni. Muuguzi alikuwa amevaa gauni la kijani ambalo halikuwa limetoka kabatini tangu baba aanguke, lilimpwaya kiunoni.

"Nimemsikia," alisema kutoka chini.

Fundi alishuka ngazi moja moja. "Amekuambia mwenyewe?"

"Nimemfumania."

"Nilikuja siku ile kumwomba aniachilie ile ahadi."

"Nilifikiri umekuja kujitetea."

"Hata hilo pia." Alijifuta mikono kwenye ovaroli. "Ulikuwa unalia kwamba hasemi, nami nimekaa najua anasema. Sikujua nimkosee nani kati yenu. Nikakukosea wewe, kwa sababu niliona utanisamehe."

"Ulikuwa na uhakika sana."

"Sikuwa nao. Nimekonda."

Alikuwa amekonda kweli. Muuguzi alinyoosha mkono, akamtoa vumbi la plasta kwenye nyusi.

"Sikiliza," alisema. "Mimi nimechoka. Si uchovu wa leo ukaisha kesho. Ukinitaka, unanitaka na baba, na zamu za usiku, na hizi hasira ambazo hata sauti hazina. Fikiri vizuri."

"Nimefikiri juu ya ngazi hizi mpaka nimefunga waya mwekundu mahali pa mweusi. Leo jioni nataka kuongea na mzee."

Jioni hiyo mzee alikuwa amevaa shati jeupe. Fundi aliketi mbele yake, magoti pamoja, kofia mkononi. Simu ya video ilikuwa imewashwa, kaka akitazama bila kusema lolote, jambo ambalo kwake lilikuwa kazi kubwa.

"Mzee," fundi alianza, "nampenda binti yako. Nimekuja kukuomba nimwoe, na nikae hapa hapa, tukulee pamoja. Yeye simhamishi, na wewe sikuhamishi."

Mzee alifungua mdomo. Neno halikuja. Kaka alisogea karibu na kamera, midomo ikitaka kusaidia, akajizuia. Chai ilianza kushika utando. Nje mtu alipita akiburuta ndoo. Wote wanne walisubiri, na katika kusubiri huko muuguzi aliona jasho likimtoka baba kwenye paji la uso, akakaza vidole vyake asiinuke kwenda kumfuta.

"Mu..." mzee alisema. "Mu-u... lize... yeye."

Fundi aligeuka. Kaka naye alimtazama. Watu wote watatu waliompenda walikuwa wakimngoja, hakuna aliyekuwa na la kumwamulia.

Muuguzi alivuta kiti, akakaa, akavua viatu.

"Niulize basi," alisema.

Fundi akamuuliza. Naye akakubali.