Kifusi cha Kiwanda cha Rangi

Haya yalimpata msimamizi mmoja wa kubomoa majengo, na anayeyasimulia ni shemeji yake, mtu asiye na mzaha.

Asubuhi hiyo haikuwa na neno. Ukuta wa mwisho wa kiwanda cha zamani cha rangi ulikuwa umeshalala chini, na msimamizi alikuwa akiwatania mafundi wake kama kawaida. Tingatinga likafukua sakafu. Ghafla dereva akazima injini.

"Bosi, njoo uone."

Chini ya zege udongo ulikuwa wa buluu, umelowa, unanuka dawa. Utaratibu wa kazi aliujua: simamisha, funika kwa turubai, mwite mpimaji. Akafanya yote barabara. Tatizo lilikuwa lori la jana yake. Alikuwa amempelekea dada yake kifusi cha upande wa pili wa kiwanja, ajazie msingi wa sebule. Kifusi cha bure, nani akatae? Tena kilionekana kisafi. Akaona haya kusema, akanyamaza. Sakafu ikamwagwa, dada akahamia na binti yake wa miezi minane.

Majibu ya vipimo yalichukua wiki tano.

"Kiwanja kizima kina sumu, pande zote mbili," mpimaji alisema kwenye simu. Kisha akashusha sauti. "Na kuna jambo silielewi. Huu udongo haupoi. Nimeuweka kwenye friji, bado una joto la mwili wa mtu."

Msimamizi hakuaga hata mtu. Alifika kwa dada yake saa saba mchana, jasho likimtoka.

"Karibu, kaka," dada alinong'ona. "Vua viatu usikie sakafu ilivyo na joto. Mwanao siku hizi kitanda hataki. Analala hapo tu."

Mtoto alikuwa kifudifudi katikati ya sebule. Sikio lake lilikuwa kwenye saruji. Alitulia. Kisha akacheka.

"Mbona unanong'ona?"

"Tukiongea kwa sauti, wananyamaza. Wakinyamaza, mtoto analia."

"Kina nani?"

Dada alionyesha sakafu kwa kidole. Msimamizi alimnyakua mtoto. Mtoto akapiga yowe. Chini ya miguu yao kitu kiligonga. Mara moja tu.

"Nilijua, dada," akasema, machozi yakimlenga. "Tangu wiki ile nilijua. Nisamehe." Dada alimpokonya mtoto, akatoka nje bila viatu. Hajamsemesha hadi leo.

Mtoto alipimwa, akatibiwa, akapona. Kesho ya siku ile ya yowe, msimamizi na dereva walivaa barakoa na glavu, wakaivunja sakafu, wakageuza mapande ya zege. Upande wa chini ulikuwa laini kila mahali, isipokuwa pande moja la katikati. Hilo lilijaa alama za viganja vya watu wazima, vimesukuma kwenda juu, vingi hadi vinapandiana.

Walipopima mahali lilipotoka, palikuwa pale pale alipokuwa akilala mtoto.