Ziwani Hatuachi Mtu

Injini ya Yamaha ilinguruma mpaka mbao za mtumbwi zikalia.

Teodora Chenge hakupunguza mwendo. Mbele yake, boti nyeupe iliyotoka Igogo asubuhi ile ilikuwa inakata maji kuelekea Ukerewe. Juu imepangwa minofu ya sangara kwenye barafu. Chini ya minofu, masanduku ya risasi za kupeleka vitani, nchi jirani.

Na katikati ya masanduku hayo, Okech.

Okech wa Shirati, mpelelezi mwenzake tangu mafunzo. Kabla redio aliyoificha haijanyamaza, ilimletea Teodora sauti ya Brandt, dalali wa silaha: "Tukipita Ukerewe nakufunga jiwe. Sangara watakumaliza."

Teodora alibonyeza redio yake ya Motorola.

"Kamongo anaita Mwalo. Niruhusu niisimamishe, mzee!"

"Subiri," alijibu Mzee Nathaniel, mkuu wake, kutoka Mwanza. "Ina bendera ya nchi rafiki. Mkataba unataka nchi zote tatu zikubali."

"Okech atakufa!"

"Wako mezani, mwanangu. Wanajadiliana."

Mezani!

Wakuu wa nchi hizo tatu walishapiga picha wameshikana mikono, wakaapa kumfungia jirani yule njia zote za silaha. Lakini mmoja anauza petroli hukohuko vitani. Wa pili ana uchaguzi, hataki kumuudhi tajiri wake. Wa tatu, wa kwetu, hainui kidole kabla hajamtazama mfadhili usoni. Ndio walewale waliovunja Jumuiya mwaka sabini na saba, wakagombea meli na mabehewa kama watoto wa marehemu. Adui mmoja, matumbo matatu.

Milima ya Ukerewe ilianza kuonekana.

"Mwalo, jibu!"

"Wawili wamekubali. Wa tatu ameomba mapumziko ya chai."

Chai.

Teodora alikata kona nyuma ya kisiwa cha mawe, akatokea mbele ya boti. Bastola yake ya Makarov aliiviringisha kwenye nailoni, akaisokomeza kifuani. Kisha akashika shoka, akapasua sakafu ya mtumbwi wake mwenyewe.

Maji yaliingia kwa fujo.

"Jamani, nakufa!" alipiga yowe, akipunga kitenge.

Boti ilipunguza mwendo.

"Twende!" Brandt alifoka, AK-47 mkononi.

Ngosha, nahodha, mvi kichwa kizima, alizima injini kabisa. "We mzungu, ziwani hatuachi mtu. Leo yeye, kesho mimi."

"Nitakupiga risasi!"

"Piga. Halafu uendeshe wewe, kama mawe haya unayajua."

Mikono ya mabaharia ilimvuta Teodora juu. Brandt alikuwa bado anamtolea Ngosha macho alipohisi chuma baridi nyuma ya sikio.

"Weka chini."

AK-47 ilianguka.

"Shikamoo, mzee nahodha," Teodora alisema bila kugeuka.

"Marahaba, mama. Kumbe una bastola?"

"Na wewe una mtu chini ya minofu."

"Mimi? Nimeambiwa samaki tu!"

Walifukua. Okech alitolewa akitetemeka, mikono imefungwa kamba, midomo imepauka kwa barafu.

"Umechelewa, dada."

"Nilikuwa nangoja watu wanywe chai."

Waliporudi Mwanza, mwaloni zinaposhusha boti za samaki, Mzee Nathaniel aliwapokea akitokwa na jasho, redio mkononi.

"Teodora! Nani amekuruhusu kusimamisha boti ya nchi rafiki? Wa tatu bado hajasema!"

"Sikuisimamisha mimi, mzee. Nahodha kasimama mwenyewe."

Alikamua kitenge, akaenda zake pekupeku kupanda kilima cha Igogo.

Nyuma yake, mkononi mwa mzee, Motorola ilikuwa bado inaleta neno la kutoka mezani: subiri.