Aliyeshuka Korongoni kwa Ubalda

Jua lilikuwa linakaribia kuzama tulipotoka hospitali, mimi nimebeba mkoba na mke wangu Delfina amenishika bega. Alikuwa ametoka kusafishwa damu. Mtu akitoka kwenye ile mashine utadhani amelima shamba zima kwa mikono. Mguu wake wa kulia, ambao aliuburuta tangu ugonjwa uanze, siku hiyo ulikuwa mzito zaidi. Mimi sikuwa nimesafishwa chochote, lakini nilikuwa nimechoka vilevile. Mwaka wa pili sasa tulikuwa tukienda na kurudi, kutoka kwa mbuzi wetu jangwani hadi mji wa Guerrero Negro, kwa njia ambayo wanasiasa huikumbuka wakati wa kura tu.

Siku hiyo hatukwenda na pikapu yetu. Kaka yake Delfina, Tello, ni fundi wa magari ya mashindano ya jangwani kule Ensenada, naye alikuwa ametuletea nyingine tuijaribu. Toleo jipya kabisa. Ilikuwa ndefu, pana, matairi yake yananifika kiunoni.

"Shemeji, hii wameiunda upya," aliniambia, akiipigapiga boneti kama mtu anayeuza farasi. "Si rangi na taa tu. Springi za nyuma wamebadilisha, shokapu wamebadilisha. Unapita juu ya mawe kama umelala kwa mama yako."

"Mama yangu alikuwa mkali."

"Basi kwa mama yangu mimi. Kaa nayo wiki moja. Ikikufaa, unanipa lile bati lako, tunaelewana. Isipokufaa naondoka nayo, na wewe endelea kuvunjika kiuno."

Bati ndilo jina alilolipa gari langu, na sikuwa na la kujitetea. Lilikuwa linatikisika hata likiwa limesimama. Na Delfina alikuwa ameshaniambia, tena bila kulia, jambo ambalo lilininyima usingizi.

"Mzee wangu, ugonjwa hauniui. Njia ndiyo inaniua. Ukinipandisha tena kwenye hilo bati, mimi siendi. Niache nife hapa na mbuzi wangu."

Hakuwa anatania. Delfina akisema jambo hulisema mara moja. Wanaume wengine huuliza kama gari jipya linastahili kwa sababu wanapenda mngurumo wa injini. Mimi nilikuwa nauliza kama nitabaki na mke.

Tukaiacha lami. Tukaingia kwenye njia yetu, yale matuta madogo madogo ya mchanga uliokauka ambayo bati lilikuwa likiyapita kama mtu anayepigwa kofi. Nikakaza mikono kwenye usukani. Nikangoja.

Hakuna kitu. Gari lilielea.

Nikamtazama Delfina. Alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo, mdomo umeachia kidogo, mate yanamtoka. Amelala. Katika njia ile sijawahi kumwona mtu amelala. Nilitaka kucheka, nikahisi machozi badala yake. Nikasema moyoni, nitauza mbuzi wote, nitauza na ng'ombe wa jirani ikibidi.

Na hapo ndipo nilipokosea.

Katikati ya njia yetu kuna korongo, na korongoni kuna msalaba wa Ubalda. Ubalda alikuwa mkunga. Zamani, kabla sijaoa, aliugua tumbo, wakamlaza kwenye godoro nyuma ya pikapu, wakamkimbiza hospitali. Njia ikammalizia pale. Wanawe wakahamia ng'ambo ya mpaka bila kumfanyia kile ambacho huku kwetu hufanyiwa kila aliyekufa barabarani: kwenda pale pale na mshumaa, kumwita jina, na kukiinua kivuli chake kirudi nyumbani. Mwili wake ukazikwa makaburini, kivuli kikabaki korongoni. Kwa hiyo kila dereva husimama, huzima injini, humwaga maji chini ya msalaba na kusema, "Kunywa, Ubalda, ubaki salama." Na kama garini kuna aliyesinzia, anaamshwa kwanza. Aliyelala kivuli chake kimelegea, hung'oka kirahisi. Hilo hatufundishwi, tunakua nalo.

Ila sisi hatukuwahi kuhangaika kumwamsha mtu. Kwa magari yetu, nani angelala?

Korongo lile lina mawe makubwa ambayo humlazimisha kila dereva kupunguza mwendo. Jioni ile sikuyahisi. Nilikuwa namtazama Delfina akipumua. Nilipoinua macho, msalaba ulikuwa umeshabaki nyuma, mweupe kwenye kioo cha pembeni, unazidi kuwa mdogo.

Nilipaswa kurudi papo hapo. Lakini kusimama, kuzima injini, kumtikisa mgonjwa ambaye ndiyo kwanza amepata usingizi... Nikasema, leo Ubalda atanisamehe.

Nikaendelea.

Ti... ti... ti...

Taa nyekundu iliwaka mbele yangu. Tello alikuwa amenionyesha: kiti kikikaliwa na mtu asiyefunga mkanda, picha ya kiti hicho huwa nyekundu. Nikatazama mkanda wangu. Umefungwa. Wa Delfina, umefungwa.

Kilichokuwa chekundu ni kiti cha nyuma.

Ti... ti... ti...

Nyuma hakukuwa na kitu. Mkoba ulikuwa miguuni pa Delfina. Nikajiambia ni mtambo tu, mambo ya magari mapya haya, yanapiga kelele kuliko mama mkwe. Kisha nikasikia harufu. Udongo uliolowa. Mwaka ule mvua haikuwa imenyesha hata tone. Udongo uliolowa, na nta ya mshumaa uliozimwa sasa hivi.

"Halitikisiki..."

Sauti ya mwanamke. Nyuma ya sikio langu.

Sikuthubutu kutazama kwenye kioo.

"Ningelipata hili mimi..." ikasema, taratibu, kama mtu anayepapasa kitambaa dukani. "Ningefika."

Mkono wangu ukaenda kwenye bega la Delfina.

"Usimwamshe. Amelala vizuri."

Nikaurudisha mkono. Mpaka leo sijui kama nilimtii kwa woga au kwa sababu na mimi sikutaka kumwamsha.

Nikageuza gari. Mwanga ulikuwa umebaki kidogo tu, mwekundu, juu ya miiba ya jangwa. Nikarudi hadi msalabani, nikazima injini, nikashuka na chupa ya maji. Nikayamwaga chini ya msalaba. Nikafungua mlango wa nyuma.

"Ubalda," nikasema. "Umefika kwako. Shuka."

Nikausukuma mlango uwe wazi zaidi.

"Shuka, mama. Nakuomba. Usinichukulie mgonjwa wangu. Shuka."

Gari likainuka kidogo kwenye springi zake, kama ambavyo gari huinuka mtu anaposhuka.

Mchanga ukalia... kshh... kshh... ukiondoka kuelekea msalabani. Hakuna niliyemwona. Nikawasha tochi. Nyayo zilikuwa pale, mbichi, za miguu mitupu. Mguu wa kulia ulikuwa umeburutwa.

Nikafikiri, masikini, alikufa na maumivu, lazima auburute. Nilikuwa nimechoka. Mtu aliyechoka hujipa jibu la kwanza analolipata.

Nilipowasha gari, taa nyekundu haikuwaka tena. Delfina alikuwa bado amelala, anapumua. Nikaendesha hadi nyumbani bila kufumba macho.

Getini akaamka. Akajinyoosha.

"Nabor," akasema, "tumefika?"

Mke wangu aliniita Nabor siku moja tu maishani, mbele ya padri. Siku nyingine zote nilikuwa mzee wangu, hata nilipokuwa kijana. Nikamsaidia kushuka, lakini hakuhitaji bega langu. Alitembea hadi mlangoni wima, miguu yote miwili ikiinuka sawasawa.

Kesho yake mbuzi mmoja alikwama kuzaa. Delfina alikuwa hawezi kuona damu ya uzazi. Miaka yote ile alikuwa akikimbilia jikoni na kujifunika aproni usoni. Siku hiyo alikunja mkono wa blauzi, akaingiza mkono, akamgeuza mtoto tumboni huku akimwambia mbuzi, "Haya, mama, pumua, usisukume bado." Akamtoa mzima. Akanawa mikono, akanitazama, akatabasamu.

Hospitali wakampima, wakampima tena. Daktari akavua miwani. "Sijui niwaambie nini," akasema. "Figo zinafanya kazi. Nendeni mkamshukuru Mungu." Manesi wakamkumbatia. Tello alipopigiwa simu alilia hadharani kwenye gereji, hata wenzake wakafikiri kuna msiba. Kila mtu alifurahi. Mimi nilikaa kwenye benchi nimekishika kichwa.

Maana tangu jioni ile mke wangu halali. Hukaa kitandani ameegemea ukuta, macho wazi. Nilimwomba apumzike japo kidogo.

"Nilale?" akasema. "Nimelala vya kutosha, Nabor."

Siku moja nikachukua bati, peke yangu, nikaenda korongoni. Lilitikisika njia nzima kama kawaida yake. Kwenye mawe likapunguza mwendo lenyewe. Nikazima injini.

Upepo haukuwepo.

"Mzee wangu..."

Nililaza kichwa kwenye usukani.

"Mzee wangu, mbona ulinishusha?"

Sina haja ya kuwaeleza hali yangu. Nilishuka, nikapiga magoti msalabani, nikawasha mshumaa, nikamwita jina lake lote, Delfina Arce, nikamtandikia blanketi nikamwambia twende. Sauti yake ikajibu polepole, kama mtu anayemweleza mtoto, kwamba hana pa kwenda, nyumba yake ina mtu, na mtu huyo halali. Kisha akaniambia nisirudi peke yangu, kwa sababu inamuuma zaidi nikiondoka.

Nikaondoka. Sikurudi.

Wiki ya Tello ilipokwisha akaja, kofia kisogoni, na keki aliyomletea dada yake.

"Shemeji, mambo gani haya! Nimeleta gari la kubebea mgonjwa, nakuta hakuna mgonjwa. Sasa niondoke nalo?"

"Asiondoke nalo," sauti ikatoka jikoni.

Tello akacheka. "Umemsikia mkubwa. Ila wewe useme, wewe ndiye dereva. Linastahili?"

Nikalitazama bati, nikaikumbuka ile sauti itakayoningoja korongoni kila litakapopunguza mwendo. Nikalitazama gari jipya. Lile hupita korongoni bila kuhisi jiwe, redio ikiwa juu, vioo vimefungwa. Nilikuwa nimechoka, ndugu zangu. Nilikuwa nimechoka kuliko nilivyokuwa nampenda mtu yeyote, na sikujua kama jambo hilo linawezekana mpaka siku ile.

"Linastahili," nikasema. "Nalichukua."

Tukapeana mikono. Hakukaa kula. Alimbusu dada yake kwenye paji la uso, akafuta midomo kwa nyuma ya mkono, akasema mbona wa baridi hivi, akamtania kwamba apunguze kunywa maji ya kisima. Kisha akaingia kwenye bati akaondoka nalo, likiyumba na kukohoa, kuelekea korongoni. Nilimpungia mkono. Ilinijia kwamba atasimama, maana Tello ni mtu wa adabu, hampiti Ubalda. Ningeweza kumpigia kelele arudi. Nilibaki nimesimama.

Kiza hakikuwa kimeingia vizuri nilipoona taa.

Zilikuwa mbili, moja hafifu, zinarudi kwa njia ya korongoni. Zilikuja polepole mno. Tello haendeshi hivyo, hata akiwa amelewa. Kila palipokuwa na tuta zilisimama, zikashuka kwa uangalifu, zikaendelea. Hivyo ndivyo mimi nilivyokuwa nikiendesha nikimleta Delfina kutoka hospitali.

Jikoni, kijiko kikaacha kukoroga.

Akatoka akijifuta mikono kwenye aproni, akasimama kando yangu, akazitazama taa. Kwa mara ya kwanza tangu jioni ile niliona uso wake umeingiwa na hofu.

"Nabor," akasema. "Washa gari."

Nikasikia, mbali, mlio wa bati na sauti ya Tello akibembeleza, "Vumilia, dada, tumekaribia." Na funguo nilikuwa nazo mkononi.